Nimesomea fizio lakini huo wito siuoni, niende zangu hoteli?

mtoto_wa_limbani

Assalaam alaykum wana jamvi, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, hasa kwa walio kwenye kazi za afya, na wengine pia msipite kimya kimya.

Mimi kijana wa Pemba, nimemaliza diploma ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huko bara, nimerudi nyumbani na sasa hivi najitolea kwenye spitali moja huku huku kisiwani nikisubiri ajira. Kujitolea mnakujua, posho ikija inakuja, isipokuja unakula kwa mama. Niseme toka mwanzo, fizio sikuichagua miye. Nilitaka udaktari, ufaulu wangu haukufika, nikapata hii, baba akasema nenda kasome afya ni afya. Nikasoma na nikafaulu vizuri tu, sio kwamba kazi siiwezi.

Sasa chuo walimu walikuwa kila wakisimama hii kazi ni wito, kama huna wito utateseka na utawatesa na wagonjwa. Wenzangu darasani kila mtu na kisa chake, mwengine bibi yake aliugua kiharusi akamuona anavyonyanyuka, mwengine yeye mwenyewe alivunjika mguu kwenye mpira akahudumiwa mpaka akarudi uwanjani, miye nikiulizwa nanyamaza maana kisa sina. Nikajiambia nikianza kazi utakuja. Haya nimeanza, asubuhi naingia kwenye kile chumba chetu, kitanda kimoja, vyuma viwili vya kushika mtu anapojifunza kutembea, mipira ya mazoezi mmoja umepasuka, nje benchi limejaa watu wa mgongo, magoti, kiharusi, watoto wa mtindio wa ubongo. Mzee unamfanyisha mazoezi leo mkono unainuka hivi kidogo mnafurahi wote, wiki ijayo haji, ukipiga simu unaambiwa nauli, au kapelekwa kwa mganga kwanza, akirudi bega limeshakaza na hapo unaanza nyuma kuliko mlipoanzia.

Mtaani napo jina langu ni mchuaji. Ami yangu mmoja ananiita "dokta wa kuchua" barazani mbele za watu, wanacheka na miye nacheka.

Kuna mshkaji wangu yuko hoteli moja pwani ya mashariki kule Unguja, upande wa spa, kanambia bosi wake anatafuta mtu aliyesomea viungo, mshahara huwezi kuulinganisha na hii posho, chakula juu yao, pa kulala juu yao, na bakshishi za wageni. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nauliza nyinyi mlio kwenye hii kazi, huo wito mliupata lini? Mlikwenda nao chuo au ulikukuteni kazini? Na mtu ambaye mpaka leo hajauona, ndo haupo tena, afunge virago?

pweza_wa_forodhani

Wito haununui unga yakhe. Nenda hoteli, ukishanunua vespa uje utwambie ulichosikia ni wito au honi 😂

bi_fizio

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Miye fizio, nipo Unguja, nimeianza hii kazi zamani kidogo, nimesoma pale hospitali ya KCMC Moshi kama wengi wa rika langu, enzi hizo ukitokea visiwani unapanda boti mpaka Dar halafu basi kutwa nzima, unashuka Moshi na kanga moja baridi linakusalimia wewe wa kwanza.

Hao walimu wamekutisheni bure. Mimi nilitaka unesi. Hakuna bibi wala mguu uliovunjika. Na miaka ya mwanzo nilikuwa kama wewe hivyo hivyo, nahesabu saa.

Nikwambie nilipoanza kuipenda. Alikuja bi mkubwa mmoja, magoti yamesagika, yale ya umri. Kadi yake imeandikwa maumivu ya magoti basi, nami nikaanza kama nilivyofundishwa, lala hivi, nyanyua mguu, kaza paja, hesabu. Akaja mara mbili tatu hana raha. Siku moja nimechoka tu nikamuuliza bibi lakini wewe hasa unataka nini? Nikidhani atanambia maumivu yaondoke. Akanambia mwanangu nataka kukaa attahiyatu chini. Kumbe muda wote ule anasali juu ya kiti na kile kiti kinamuuma kuliko magoti, anasema kikipangwa safu wanawake wenzake wote wako chini yeye yuko juu kama hakimu.

Haa, hapo kazi ikabadilika kabisa. Nikamwambia lete mito. Tukatandika msala, akapiga magoti juu ya godoro jembamba, mito mitatu ikawekwa baina ya makalio na visigino, akakaa juu yake, goti linakunjika pale pale linapoweza wala hapindukii. Akiwa nyumbani anakaa hivyo baada ya kila sala muda wa tasbihi tu. Likizoea unatoa mto mmoja. Na huku tunaendelea kutia nguvu mapaja, kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika kitu, maana goti bovu likiwa na paja dhaifu ndo balaa linapoanzia. Ule mto wa mwisho ulichukua muda mrefu, mpaka leo naamini hakuwahi kuutoa kikamilifu, alibadilisha tu kwa kanga iliyokunjwa. Lakini alikaa chini na wenzake. Hakunishukuru mimi, alimwita mjukuu wake mlangoni, "njoo uone".

Toka siku hiyo nauliza kila mtu, unataka kufanya nini ambacho huwezi. Majibu yao usingeyapata chuoni. Mmoja atakwambia nataka kukaa kwenye mbuzi nikune nazi mwenyewe, wale wanaokuna kwa ajili yangu wananibakishia nusu kwenye kifuu. Mwengine anataka kuchuchumaa chooni asisaidiwe na mkwe wake. Mvuvi anataka kuvuta kamba. Ukishajua hilo, mazoezi unayatoa humo humo kwenye hiyo kazi anayoitaka, na utaona anarudi wiki ijayo, kwa sababu sasa ni shughuli yake, si ya kwako.

Kuhusu hao wasiorudi, fundisha nyumba. Mgonjwa wa kiharusi akikuona wewe nusu saa kwa wiki halafu siku zote nyengine wanamvuta kwa mkono mbovu ili wamkalishe, lile bega umeshalipoteza. Muite anayemhudumia, muoneshe ashike wapi, asivute mkono, ule mkono uwekwe juu ya mto usining'inie, basi hata nauli ikikosekana miezi ile ya mwanzo haipotei yote. Na ile miezi mitatu ya mwanzo ndo yenye mavuno makubwa, hapo usione haya kupiga simu hata mara kumi.

Halafu wagonjwa wa kike kwa kijana kama wewe. Wapo watakaokukataa na wana haki yao. Wengine watakukubali kama mume au binti yake yupo chumbani. Mfundishe binti, mikono iwe ya binti, maelekezo yako, kazi inakwenda.

Na hilo la mchuaji usilikasirikie. Mwaka 1894 kule London wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wachuaji waliosomea, sababu kuchua kulikuwa kumechafuka jina, nyumba za mambo ya ovyo zinajificha nyuma ya neno hilo hilo. Walitaka watu wajue nani kasomea na nani anababaisha. Chama hicho kipo mpaka leo ndo chama cha mafizio wa Uingereza. Kwa hiyo mwambie ami yako ndio, sisi asili yetu wachuaji, na yeye akija na kiuno chake msimu wa karafuu utamchua kwa foleni.

mama_wawili

Nami nichangie ingawa si mtaalamu. Mimi mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo.

Pa kwanza nilipopelekwa (sitaji) nilipewa karatasi ina picha za mazungu yananyoosha watoto wao, dakika tano, nenda ukafanye nyumbani, basi. Nikaiweka juu ya kabati ikaliwa na mende.

Baadae nikapata kijana mmoja rika lako kama nnavyokuona unavyoandika. Akaja nyumbani, sisi tunakaa karibu na pwani, akauliza mtoto anakaa wapi mchana, nikamwambia analala kwenye mkeka maana kukaa hawezi anaanguka. Akasema twende pwani. Maji yametoka. Akachimba shimo kwenye mchanga kwa mikono, mchanga mbichi ule unaoshikamana, akamtia mwanangu kakaa, akaujaza mchanga mgongoni na ubavuni mpaka hapa kifuani, miguu mbele. Mtoto kakaa wima! Hashikwi na mtu. Na mikono yake ambayo siku zote ilikuwa kazi yake kujizuia asianguke ikawa haina kazi, basi akampa kifuu cha nazi. Akakishika kwa mikono miwili akakitia mdomoni. Umri ule sikuwahi kumuona anashika kitu kwa mikono miwili.

Baadae akatuelekeza kwa seremala akatengenezewa kiti cha kona na meza ya mbele, ubao wa kawaida tu. Na alinambia ukweli, mama kutembea sikuahidi. Nililia lakini nilimuheshimu.

Sasa unauliza wito. Yule kijana alikuwa na wito? Wallahi sijui, alikuwa anatafuna ubuyu muda wote na simu haimtoki mkononi. Lakini akisema Alkhamis anakuja Alkhamis.

kaskazini_b

Mimi ndo huyo mnayemzungumzia, nilikwenda hoteli 🙋🏾‍♂️ kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kwanza hakuna aibu. Nilikuwa na wadogo wanasoma skuli na mzee hana kazi, nilikwenda na ningekwenda tena. Pesa ipo kweli, msimu ukiwa mzuri bakshishi peke yake inazidi nilichokuwa napata. Kiingereza kinanyooka, Kitaliano kidogo, unajifunza kuzungumza na watu. Hayo nimeyapata huko na yananisaidia mpaka leo.

Ila hakuna aliyenambia mambo haya kwa hiyo mimi nakwambia wewe. Masika ikianza hoteli nyingi zinapunguza watu au zinafunga kabisa, na wa spa ndo wa mwanzo kuambiwa nenda kapumzike, kupumzika bila mshahara. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa korona tulirudishwa makwetu kwa meseji ya simu, mstari mmoja. Kwa hiyo ukienda dai mkataba wa maandishi, uliza ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wanakuwekea, uliza masika unalipwa nini. Wakianza kuzunguka zunguka ushajua.

Pili kazi yenyewe. Mgeni anayelala pale kitandani haumwi. Kachoka ndege tu, au kaungua na jua, anataka mafuta na muziki wa taratibu, na akija mwenye tatizo kweli unaambiwa usijishughulishe, hoteli haitaki lawama, mpe ile ile ya dakika sitini. Mimi nakumbuka alikuja mzee wa Kijerumani namuona anavyotembea mguu unaburura, nikajua hapa kuna kitu kwenye mgongo, nikataka kumpima, meneja akanionesha saa. Keshokutwa kaondoka. Mpaka leo sijui yule mzee alikwenda kwa daktari au aliendelea kuburura. Nilikuwa sijijui kama ni mtu wa kujali hivyo, najijua baada ya kukikosa. Kule unashika watu kutwa na hakuna hata mmoja unayejua ameishia vipi.

Sasa hivi nafanya vyote, hoteli kwa zamu, na jioni na Ijumaa nazunguka majumbani kwa wagonjwa wa kiharusi hapa kijijini, wengine wananilipa, wengine wananipa samaki. Sisemi ufanye kama mimi maana nachoka sana. Ila usiende hoteli kwa kumkimbia mtu au kitu. Nenda kwa hesabu.

hesabu_tu

Mimi mhasibu, nachangia upande wangu. Shirika la Afya Duniani wanasema watu bilioni 2.4 wana hali ambayo huduma ya utengamao, hii ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake kama mnayofanya nyinyi mafizio, ingewasaidia, yaani mtu mmoja katika kila watatu duniani. Maumivu ya kiuno peke yake mwaka 2020 yalikuwa kwa watu milioni 619. Sasa rudi kwetu, hesabu mama zetu wa mwani Kiuyu na Paje, bamvua ikija wameinama masaa ndani ya maji kisha wanabeba mapolo yaliyorowa kichwani, hesabu wapagazi wa bandarini, bodaboda wanaodondoka, kila nyumba ina mzee wa presha. Wateja wapo hawana wa kuwaona. Jipange miaka mitano uwe na chumba chako Chake mjini. Wito utaukuta kwenye daftari la mapato.

pweza_wa_forodhani

@hesabu_tu huyu ndo mtu wangu.

mtoto_wa_limbani

Ahsanteni sana, sikutegemea, nimesoma yote. Bi fizio Mungu akuweke, leo nimemuuliza mgonjwa wa kwanza hilo swali lako akaniangalia kama nimechanganyikiwa kisha akasema anataka kwenda harusini Micheweni akae chini na wenzake kwenye mkeka, kwa hiyo tumeanza na mito 😅

Ila niseme jambo ambalo sikuliandika pale juu. Yupo mgonjwa mmoja ndo anayenikosesha usingizi. Kijana, rika langu, tulikuwa tunacheza mpira pamoja zamani. Alikuwa mchumaji, msimu uliopita tawi la mkarafuu likamvunjikia akaanguka, uti wa mgongo, akapelekwa MOI Dar, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, akafanyiwa upasuaji akawekewa vyuma, karudi. Toka kiunoni kwenda chini hamna kitu. Nakwenda kwao Jumanne. Kila nikifika mama yake ananiletea chai na ananiuliza "leo vipi, dalili zipo?" Namnyoosha miguu, nageuza vifundo, namaliza, naondoka. Anajua na mimi najua. Naona kama naigiza. Nikiifikiria hoteli, nadhani ninachokiwaza hasa ni kutokwenda tena pale Jumanne.

magurudumu_mawili

Nimekaa nasoma huu uzi toka jana sikutaka kuandika lakini sasa naandika.

Mimi ndo huyo mgonjwa wako, sio yeye mwenyewe, wa aina yake. Nilianguka mnazi, nilikuwa mkwezi. Natembelea kigari mwaka wa ngapi huu sijui, nina mke, nina duka la vocha na spea za baskeli.

Kwanza naomba wote mlioandika habari ya wito mtusamehe sisi wagonjwa, msitufanye sisi dawa ya nafsi zenu. Mimi fizio wangu kama ana wito au hana, kama usiku analala au halali, hiyo ni yake na Mola wake. Alikuwepo mmoja ana wito mpaka machozi, kila akinishika mguu anasema utatembea kaka usikate tamaa. Mwaka mzima nikakaa kitandani nasubiri kutembea. Nikasubiri mpaka nikatoka kidonda makalioni kinaingia ngumi, ndo kilichotaka kuniua, sio mnazi.

Akaja mwengine, mkavu, hacheki, hata jina langu alikuwa analikosea. Siku ya kwanza akamwita mke wangu akasema huyu hatatembea, sasa tufanye kazi. Nilimchukia wiki nzima. Lakini yule ndo aliyenifundisha kutoka kitandani kwenda kwenye kigari kwa kuteleza juu ya ubao, peke yangu. Akanifundisha kujinyanyua kwa mikono kila nikikaa kidogo, nusu saa isipite makalio hayajapata hewa, na usiku kugeuzwa kila masaa mawili. Kanipa kioo kidogo cha saluni, asubuhi na jioni najiangalia nyuma, nikiona wekundu usioondoka sikalii upande huo mpaka utoke. Kanifundisha kuushughulikia mkojo kwa usafi mimi mwenyewe asinishike mtu, na hilo kwa mwanamme utakuja kuelewa lina uzito gani. Kunipandisha kizingiti cha mlango kwa magurudumu ya nyuma tulianguka wote wawili uani, hapo ndo nilipomuona anacheka.

Kwa hiyo unaponyoosha miguu na kugeuza vifundo usidharau, ile miguu ikikaza hakai vizuri kwenye kigari, hiyo ni kazi. Lakini ukiishia hapo ni kweli unaigiza. Mikono yake mizima? Kifua kizima? Alikuwa mchumaji huyo, mabega yake hayo ni mtaji. Anza na ubao, kitanda na kigari viwe usawa mmoja. Na huyo mama mueleze, kwa upole, na mtoto wake awepo anasikia. Chai utakunywa tu.

Karafuu nazo zikishushwa si zinachambuliwa na watu waliokaa? Makonyo yanatolewa kwa vidole. Sisemi ndo kazi yake maisha yote, nasema msimu ukifika asiwekwe chumbani.

Hoteli ukitaka kwenda nenda, hiyo rizki. Ila ukienda mwambie yeye kabla, na tafuta wa kukupokea zamu ya Jumanne. Usipotee tu.

bi_fizio

@magurudumu_mawili nimesimama nimekaa. Kijana umesikia kuliko nnavyoweza kusema mimi. Nyongeza ndogo, mikono na mabega yake uyatunze kama macho, maana sasa ndo miguu yake, asijivute kwa kujipinda, na ubao upigwe msasa na poda kidogo asichubuke. Na usiende peke yako mara ya kwanza ya kumhamisha, pata mtu wa kukusaidia.

mtoto_wa_limbani

Nimesoma nikafunga simu nikakaa. Sina la kusema isipokuwa ahsante kaka.

Hoteli sijawajibu, nimemwambia mshkaji waulize ZSSF na masika kama alivyosema kaskazini_b, kaniambia "we mbona umekuwa afisa kazi". Wiki iko bado.

Seremala nimeshamuona kwa ubao. Swali, kigari chake kina kitambaa tu kimeshalegea kati, hamna mto. Godoro la kukalia mnakata unene gani, na la aina gani?

magurudumu_mawili

Usikate kwa kipimo changu, mpime yeye. Chini godoro gumu, juu laini kidogo, yabandikwe, na chini kabisa ubao mwembamba kwa sababu kitambaa kikilegea godoro lolote linalegea nalo na mtu anakaa upande. Akishakaa ingiza mkono wako chini ya makalio yake, kiganja kikiangalia juu, inama kama unarukuu uone na upande wa pili. Ukiukuta mfupa unakugandamiza vidole kwenye ubao basi hilo halifai, ongeza. Godoro nalo linachoka, baada ya miezi rudia tena kwa mkono.

Lifunike kwa kitambaa kinachofuliwa, liwe na mawili moja likauke. Nailoni usitie, joto la huku utamuoza mtoto wa watu.

Fundi magodoro tafuta pale sokoni Chake, wanauza hata vipande. Nenda na kigari chenyewe usipeleke vipimo vya karatasi, wanakata kwa macho wale.